Kadi Iliingia, Laptopu Ikaikataa: Niliyopitia Kutafuta Waifai kwenye Mashine ya Zamani

Naandika haya kwa ajili ya mtu mwenye laptopu iliyotumika ambayo waifai yake imeanza kusumbua, na ambaye fundi ameshamwambia, "Badilisha kadi tu, ni rahisi." Kubadilisha kadi ya waifai, kile kipande kidogo cha ndani kinachopokea mtandao, ni rahisi kweli. Skrubu moja au mbili, nyaya mbili, kazi imekwisha. Kinachokula pesa na usingizi ni kujua laptopu yako itaikubali kadi ipi, na hilo wauzaji wengi hawakuambii kwa sababu hakuna anayewauliza.

Nina fremu ya steshenari upande wa Ng'ong'ona, karibu na Chuo Kikuu cha Dodoma. Natoa kopi, nachapa, na zaidi ya yote nawajazia watu maombi mtandaoni: mikopo ya elimu ya juu, udahili wa vyuo, uhakiki wa vyeti vya kuzaliwa RITA, ajira za serikali. Laptopu yangu ni ya Core i5 kizazi cha tatu, yaani mashine za mwaka 2012 na 2013. Ni ngumu, kibodi yake nzuri, na nilishaiongezea RAM na kuiwekea SSD. Kwa kazi zangu haina upungufu. Naliweka hili wazi mapema kwa sababu kila nilipolalamika kuhusu waifai, watu walinijibu ninunue nyingine. Nyingine ya maana ilikuwa inaanzia laki nne, na mimi sikuwa na laki nne ya kutupa kwa sababu ya kipande kinachouzwa elfu thelathini.

Tatizo lilianza msimu wa kipupwe, wakati upepo wa Dodoma unapoingiza vumbi hata kwenye droo iliyofungwa. Mchana, mashine ikishapata moto, alama ya waifai inatoweka. Asubuhi inarudi. Simu yangu iko palepale mezani na inasoma mtandao vizuri, kwa hiyo ruta haikuwa na kosa. Baadaye ikatoweka moja kwa moja. Sisemi kwamba ilishindwa kuona mitandao. Hata ile sehemu ya kuwasha na kuzima waifai haikuwepo tena kwenye Windows.

Ishike tofauti hiyo, kwa sababu ndiyo itakayokuokolea pesa. Kuna waifai ambayo ipo lakini haioni mitandao. Kuna inayoona mtandao lakini inashindwa kuunganisha. Na kuna ambayo kompyuta haijui kama imewahi kuwapo. Ukienda kwa fundi na kusema tu "waifai haishiki", yote matatu yanasikika kama ugonjwa mmoja, na utapewa dawa anayoijua zaidi.

Kwangu mimi dawa hiyo ilikuwa kupiga Windows, yaani kuifuta na kuiweka upya. Nililipa shilingi 15,000, mashine ikakaa kwake siku nzima, ikarudi ikiwa tupu na bila waifai. Mafaili nilikuwa nimeyahamishia kwenye diski ya nje, nashukuru, lakini programu za kuchapisha na kuskani ilibidi niziweke upya moja moja. Kupiga Windows kunasaidia pale draiva, ile programu inayoiwezesha Windows kukitumia kifaa, ilipoharibika. Kama kadi yenyewe haionekani na mashine, hata ukipiga Windows kila wiki haitaonekana.

Namna ya kujua ni hii, na haihitaji fundi. Bonyeza kitufe cha kulia cha mausi juu ya alama ya Windows, fungua Device Manager, kisha tazama kwenye kundi la vifaa vya mtandao. Kama kadi ya waifai imo na ina alama ya njano, shida iko kwenye draiva. Kama haimo, tafuta chini kifaa kisichotambuliwa jina. Kikiwepo, bado inawezekana ni draiva tu. Kama hakuna hata hicho, basi ama kadi imekufa, ama imelegea, ama imezimwa ndani ya BIOS, ile programu ya ndani inayoiamsha mashine kabla ya Windows. Yangu haikuwepo popote.

Aliyenithibitishia ni mwanafunzi mmoja wa CIVE, ndaki ya kompyuta pale chuoni, ambaye huja kuchapisha ripoti zake kwangu. Alinitazama nikihangaika akasema, "Dada, usiiguse hiyo Windows tena. Ngoja nije na flashi." Alikuja na flashi yenye Ubuntu, aina ya Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, akawasha mashine kupitia flashi hiyo bila kugusa chochote kwenye SSD, akafungua dirisha la amri na kuandika lspci. Ikatoka orodha ya vifaa vya ndani: picha, sauti, mtandao wa waya, vingine. Waifai haimo. Mifumo miwili tofauti ikikosa kuona kitu kilekile, Windows haina hatia. Tukafungua mfuniko wa chini, tukatoa kadi, tukasugua meno yake ya dhahabu taratibu kwa kifutio cheupe na kufuta kwa spiriti. Ilionekana kwa muda mfupi, ikapata moto, ikapotea. Hapo hapakuwa na mjadala: kadi imekwisha.

Kabla sijaendelea, niseme namna nilivyofanya kazi katika kipindi chote hicho, maana wengi hawajui kwamba laptopu isiyo na waifai haijafungiwa nje ya intaneti. Chomeka simu ya Android kwa waya wa USB, ule wa kuchajia wenye uwezo wa kupitisha data, kisha kwenye mipangilio ya simu washa kushiriki intaneti kwa USB. Laptopu itaiona simu kama mtandao wa waya. Ndiyo njia ya kupakulia hata draiva ya waifai yenyewe. Gharama yake ni bando, na Windows haina huruma na bando: masasisho yake yalinilia gigabaiti za wiki nzima kwa mchana mmoja. Kwenye mipangilio ya mtandao kuna sehemu ya kuiambia Windows kwamba intaneti hii inalipiwa kwa kipimo. Iwashe kwanza, masasisho makubwa yatasubiri. Simu nayo ikiunganishwa na waifai ya ruta inaweza kuipitishia laptopu intaneti hiyohiyo kwa waya bila kugusa bando kabisa. Hilo nililijua baadaye, na lingeniokolea pesa nyingi.

Sasa tuje kwenye kununua.

Nilikwenda mjini, Uhindini, nikiwa na kadi mbovu mkononi. Muuzaji aliipima kwa macho, akafungua boksi la kadi zilizotolewa kwenye mashine nyingine, akanitolea moja yenye umbo lilelile. Ilikuwa kadi nzuri kuliko ya mwanzo: chipu ya Intel, inasoma mawimbi ya gigahezi 2.4 na 5. Nilimuuliza kama itakubali kwenye mashine yangu, nikamtajia na modeli. Akaniambia, "Mama, hizi zote ni tundu moja. Ikikaa, imekaa." Nikalipa 30,000.

Ilikaa. Skrubu zikafunga, nyaya zikashika, mfuniko ukarudi. Nikawasha. Badala ya nembo ya Windows ikaja skrini nyeusi yenye maandishi meupe ya Kiingereza, yakisema kwamba mashine imegundua kifaa cha waifai kisichoruhusiwa, na kwamba niizime nikitoe. Ikaganda hapo. Haikuingia Windows, haikusoma flashi, haikufanya lolote. Pembeni yangu alikaa binti aliyetoka Kondoa na vyeti vyake ndani ya bahasha ya plastiki, akisubiri nimalizie ombi lake la mkopo, na dirisha la maombi lilikuwa linakaribia kufungwa. Mikono ilinitetemeka. Niliamini nimeiua mashine inayonilisha.

Fundi niliyempigia simu aliamini hivyo pia. Alisema mazabodi, yaani bodi kuu ya mashine, imepigwa shoti wakati wa kuchomeka, niilete aifungue, elfu sitini. Kilichonizuia ni kwamba maandishi yenyewe yalikuwa yanaeleza la kufanya. Mazabodi iliyokufa haikuandikii barua. Nilizima, nikatoa chaja na betri, nikachomoa kadi, nikawasha. Mashine ikaamka kama kawaida. Nikachomeka simu kwa waya, na ombi la yule binti likaenda kabla ya saa sita usiku.

Ukikutana na maandishi ya namna hiyo, usiogope na usilipe pesa ya mazabodi. Hakuna kilichoungua. Kilichotokea ni kwamba kampuni kadhaa kubwa zilizotengeneza laptopu katika miaka ile ziliweka ndani ya BIOS orodha ya kadi za waifai zinazoruhusiwa kwa kila modeli. Kila kadi ina namba zake ndani: namba ya mtengenezaji wa chipu, namba ya chipu yenyewe, na juu ya hizo namba nyingine inayoonyesha kadi hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya kampuni gani ya laptopu. Mashine inapowaka, BIOS inasoma namba hizo kabla ya kuingia Windows. Zikiwa kwenye orodha, inaendelea. Zisipokuwepo, inasimama.

Hiyo namba ya juu ndiyo inayowaponza watu. Unaweza kupata kadi mbili za chipu ileile, zinafanana hadi rangi, moja ikapita na nyingine ikakataliwa kwa sababu tu ilitengenezwa kwa ajili ya laptopu za kampuni nyingine. Ndiyo maana mtu atakuapia kwamba "kadi hiihii inafanya kazi kwenye mashine yangu" na awe anasema kweli. Inafanya kazi kwenye mashine yake.

Sababu inayotolewa na watengenezaji ni kwamba redio na antena hupimwa na kuidhinishwa kwa pamoja; Marekani, kwa mfano, kazi hiyo iko chini ya FCC. Ninaielewa hoja hiyo kwa mashine mpya iliyo dukani. Lakini mashine ikishauzwa, ikatumika, ikavuka bahari na kufika mikononi mwa mtu wa tatu hapa Dodoma, orodha ile haimlindi yeyote tena. Inachofanya ni kugeuza laptopu nzima kuwa takataka kwa ajili ya kipande cha ukubwa wa kidole gumba. Hilo linaniuma kwa sababu nimeziona mashine za wanafunzi zikiuzwa kwa bei ya chuma chakavu baada ya kuambiwa "mazabodi imekufa", na ningependa kujua ngapi kati ya hizo zilikuwa zinasema tu, toa hii kadi.

Njia za kutoka hapo ziko chache. Ya kwanza ni kubadilisha BIOS yenyewe kwa toleo lililoondolewa orodha. Wapo mafundi wanaofanya, na wapo wanaofanya vizuri kwa kifaa cha kusoma na kuandika chipu ya BIOS moja kwa moja. Lakini mtu akitaka kukufanyia hivyo, muulize kwanza kama ataihifadhi BIOS ya zamani, na kama ana kifaa cha kuirudisha mashine ikigoma kuwaka. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, mashine haiwaki tena mpaka chipu iandikwe upya. Mimi nilikataa. Mashine moja tu ninayo, na inalipa kodi ya fremu.

Ya pili ni waifai ya USB, kile kidude kidogo cha kuchomeka nje, ambacho orodha ya BIOS haikigusi. Nitakirudia.

Ya tatu, niliyoichagua, ni kutafuta kadi iliyo ndani ya orodha. Kampuni nyingi za laptopu huweka mtandaoni, bure, kijitabu cha ufundi cha kila modeli. Si kile cha mtumiaji kinachokufundisha kuwasha na kuzima. Ni kile cha kufungulia mashine, chenye picha za kila skrubu na namba ya kila spea. Kwenye sehemu ya spea utakuta kadi zote za waifai zilizoidhinishwa kwa modeli yako, kila moja na namba yake. Namba hiyohiyo huwa imechapwa kwenye stika ya kadi. Yangu ilikuwa na orodha ya kadi kadhaa, za chipu tofauti.

Kuchagua kati ya hizo nako kulihitaji akili kidogo, na hapa yule kijana wa CIVE alinisaidia tena. Msaada wa Windows 10 ulikuwa na tarehe ya mwisho, 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haitambui rasmi mashine za kizazi cha tatu. Maana yake laptopu kama yangu safari yake ya mbele ni Linux. "Dada, chukua ya Atheros au Intel," aliniambia, "draiva zake ziko ndani ya Linux tayari." Chipu nyingi za Broadcom za enzi hizo hufanya kazi, lakini kwenye Linux huhitaji draiva ya kuongeza pembeni, na kuipakua unahitaji intaneti ambayo bado huna. Nilichukua Atheros.

Kama una kadi mkononi na hujui ni ya nani, Device Manager inakuambia. Fungua sifa za kifaa, nenda kwenye maelezo, chagua namba za utambulisho wa kifaa. Utaona neno VEN likifuatiwa na herufi nne: 8086 ni Intel, 14E4 ni Broadcom, 10EC ni Realtek, 168C ni Atheros. Baada yake inakuja DEV, namba ya chipu, kisha SUBSYS, ambayo ndiyo ile namba ya juu niliyosema inawaponza watu. Ziandike zote kwenye karatasi kadi yako ingali nzima. Mimi nilizipata kwa bahati, kwenye picha ya skrini niliyompigia fundi zamani kwa shida ya printa.

Kadi niliipata Kariakoo, kwa muuzaji wa spea za laptopu zilizotumika. Hakutaka maneno mengi na mimi sikutaka pia. Nilimtumia namba ya spea, nikamwomba picha ya stika, pande zote mbili, mahali penye mwanga. Picha ya kwanza aliyotuma ilikuwa ya kadi yenye chipu sahihi na namba ya kampuni nyingine. Nikamwambia siyo. Akanyamaza hadi jioni, kisha akatuma nyingine: namba ikalingana hadi tarakimu ya mwisho. Nililipa shilingi 25,000 kwa njia ya simu, na 5,000 ya kuutuma mzigo kwa basi. Niliuchukua stendi ya Nanenane, umefungwa kwenye kipande cha godoro.

Ilipita. Mashine ikawaka, Windows ikaitambua, draiva nikaitoa kwenye tovuti ya mtengenezaji wa laptopu kwa kufuata modeli. Nakusihi usitumie yale makusanyo ya draiva zote yanayosambazwa kwenye flashi. Mengi huja na programu usizoziomba.

Lakini waifai ilikuwa dhaifu mno. Nikiwa nimeketi karibu na ruta nilipata alama zote. Nikirudi kwenye meza ya kazi, ukuta mmoja tu katikati, ikawa inakata. Hapo mtu anaweza kuilaumu kadi na kununua ya tatu, na mimi nilikaribia. Tatizo lilikuwa kwenye nyaya za antena.

Hizo nyaya mbili nyembamba zinapanda kupitia kwenye bawaba hadi juu ya kioo, ndiko antena zilipo. Kila waya unaishia na kikofia cha duara cha shaba ya rangi ya dhahabu, kidogo kama punje ya mtama, kinachokaa juu ya kitufe cha duara kwenye kadi. Kikikaa sawasawa unasikia "tk" ndogo chini ya kidole. Nilikizungusha kimoja kwa ncha ya ukucha, kikazunguka bila kuinuka, vizuri. Cha pili kilikuwa kimelala upande, kimeegemea tu. Nilipokiinua niliona ndani yake vumbi jekundu limeganda, lile la barabara yetu, na mdomo wa kikofia umepanuka upande mmoja kwa kuchomolewa kwa nguvu. Nilikipuliza, nikakisafisha kwa spiriti na kijiti cha pamba, kisha nikakibana mdomo kwa kibano kidogo sana, nikarudisha juu ya kitufe na kukandamiza wima. "Tk." Waifai ikafika mpaka kwenye meza, na mpaka kibarazani.

Ukitaka kuchomoa nyaya hizo, inua kutoka chini kwa kitu chembamba kisicho cha chuma, moja kwa moja kwenda juu. Usivute waya wenyewe. Usiinue kwa kuupindisha. Na piga picha kabla hujagusa: rangi za nyaya hazina maana moja kwa kampuni zote, waya mweusi wa mashine hii unaweza kuwa antena kuu na wa mashine ile ukawa ya ziada. Kadi za mashine mpya zaidi, zile fupi za M.2, zina vitufe vidogo kuliko hivi. Vikofia vya laptopu ya zamani havikai juu yake hata kwa kulazimisha, na kulazimisha kunang'oa kitufe.

Nikadhani nimemaliza, bado. Siku chache baadaye jirani mwenye duka la vinywaji, ambaye tunachangia intaneti, aliweka ruta mpya. Simu zote zinauona mtandao, laptopu haiuoni. Vitu viwili vilikuwa vinaungana. Kadi yangu inasoma gigahezi 2.4 peke yake, kwa hiyo sehemu ya gigahezi 5 ya ruta kwake haipo. Na sehemu ya 2.4 ruta ilikuwa imejichagulia chaneli ya 13. Kadi zilizotengenezwa kwa soko la Marekani kwa kawaida zinaishia chaneli ya 11, na laptopu nyingi za mtumba tunazonunua zilianzia maisha huko. Tuliingia kwenye mipangilio ya ruta, tukatoa uchaguzi wa kujiendesha, tukaweka chaneli ya 6. Mtandao ukaonekana palepale. Ukiwa humo, tazama na aina ya ulinzi: ruta iliyowekwa WPA3 peke yake itazikataa kadi nyingi za zamani, lakini ruta nyingi za WPA3 zina chaguo la kuchanganya WPA2 na WPA3.

Rafiki yangu wa Kisasa alinisikia nikisimulia haya akasema yeye hana shida hiyo, laptopu yake ni ya juzi kidogo, yenye tundu la M.2. Alinunua kadi ya Intel AX201 kwa sababu ni ya Wi-Fi 6. Haikuonekana kabisa, hata ujumbe hakupewa. AX201 si kadi kamili. Sehemu kubwa ya kazi yake inafanywa ndani ya prosesa au chipseti ya Intel ya vizazi vipya, na mashine yake ya kizazi cha sita haina sehemu hiyo. Aliyoitaka ni AX200, inayojitegemea. Tarakimu moja tu mwishoni, na tundu ni lilelile. Hata lile tundu la zamani kwenye mashine yangu, mini PCI Express, linaingia kadi za waifai, modemu za laini ya simu na hata diski ndogo za mSATA. Kwa hiyo mtu akikuambia "ikikaa, imekaa", mwombe namba.

Niliyotumia yote, ukiweka kupigiwa Windows, kadi iliyokataliwa, iliyokubaliwa, basi, nauli za mjini na bando, yalipita laki moja kwa mbali. Kadi sahihi na usafiri wake ni 30,000. Zilizobaki nililipia kutojua, na sehemu kubwa yake haikuwa kutojua kwangu peke yangu.

Kuhusu waifai ya USB: kama huna muda wa kutafuta namba, anza nayo tu. Ina mapungufu yake, inachukua tundu, inagongwa na mkono, za bei ya chini kabisa ni dhaifu, na nyingi huja na CD ya draiva wakati laptopu haina pa kuiweka. Uliza jina la chipu iliyo ndani, kisha pakua draiva yake kwa simu kabla hujaondoka dukani, na ijaribu palepale.

Mimi ninayo pia. Yule muuzaji wa Uhindini hakukubali kunirudishia pesa ya kadi, alisema ni nzima, na kweli ilikuwa nzima. Tulizungumza, si kwa kugombana, nikamwonyesha picha ya ile skrini nyeusi. Alikaa nayo muda, akamwita kijana wake aje aisome. Akanibadilishia kwa waifai ya USB nikiongeza 5,000, na kwenye risiti akaandika kwa mkono wake: "Ikikataliwa na mashine, irudishwe ndani ya siku 3." Sasa ndivyo ninavyowaambia wanafunzi wanaokuja fremuni na laptopu zao: kabla pesa haijatoka, mstari huo uandikwe, na modeli ya mashine iandikwe juu yake.